Kondoo na butega: mji mdogo wa wazee wetu kandokando ya Ziwa Kivu

Wenzetu katika kurasa zingine za kijitabu hiki wameandika juu ya ng'ombe, juu ya mahari na juu ya mambo ya bami. Ni vizuri, maana bila ng'ombe huwezi kueleza Bushi wala Buhavu. Lakini sisi tumechagua mnyama asiye na sifa, kondoo, pamoja na kazi ya mikono ambayo leo vijana wengi hawajui hata jina lake: butega. Tumechagua hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya historia. Ya pili ni ya nyumbani kwetu, na tutaisema mbele.

Kwa miaka mingi, katika somo la historia, tuliwaandikisha wanafunzi wetu maneno ambayo sisi wenyewe tuliandikishwa: kwamba watu wa zamani wa kwetu waliishi kwa kilimo cha kujilisha tu, kila nyumba inalima ya kwake na kula ya kwake, hakuna soko, hakuna feza, mpaka Mzungu alipofika. Tuliyaandika ubaoni bila kufikiri. Siku moja msichana mmoja, ambaye wazazi wake wametoka upande wa Bunyakiri, akanyoosha mkono akasema: «Mwalimu, kama kila mutu alikuwa analima ya kula tu, sasa ile butega wazee ya bibi yetu walikuwa wanapeleka Ijwi, walikuwa wanaipeleka ya nini?» Tuseme kweli, tulinyamaza. Kengele ikalia, ikatuokoa. Lakini ulizo lile tulirudi nalo nyumbani, na maandishi haya yametoka mule.

Kwanza tueleze mji. Tunaposema mji hapa hatusemi Bukavu wala Goma. Kule kwetu, mji wa mtu ni lupango lake: nyumba, uwanja mbele ya nyumba, migomba nyuma, na shamba la maharagi na mtama linaloshuka kwenye mteremko. Nyumba ya zamani ilikuwa ya mviringo, ya miti na majani, na wanyama wadogo walilala humo humo pamoja na watu. Asubuhi kazi ya kwanza ya mwanamke au binti ilikuwa kufagia mavi yao na kuyapeleka kwenye migomba. Mtu asiyejua ataona ni uchafu. Kumbe ndiyo ilikuwa siri ya shamba. Mgomba unakula sana, na udongo wa mteremko unashuka na mvua kila mwaka; bila samadi migomba inakonda, na migomba ikikonda hakuna kasigisi, na bila kasigisi hakuna arusi, hakuna matanga, hakuna kupatana kwa majirani waliogombana. Kwa hiyo mbuzi na kondoo walikuwa wakifanya kazi usiku wakilala.

Udongo wenyewe haukuwa wa bure. Katika Bushi mtu alipata udongo wa kudumu kwa njia ya kalinzi: alimpa mwenye udongo mnyama, mara nyingi ng'ombe, naye akapata haki ya kukaa, kupanda migomba na kuwaachia watoto wake. Asiyeweza kalinzi alibaki na bwasa, ni kusema udongo wa kuazima, wa kupanda maharagi au mtama wa msimu mmoja, bila ruhusa ya kupanda mgomba. Msomaji aone namna mambo yalivyofungana. Ng'ombe alinunua udongo, lakini ng'ombe mwenyewe alitoka wapi kwa mtoto wa maskini? Alitoka chini: kuku akazaa mbuzi, mbuzi na kondoo wakazaa ndama. Si kwa tumbo, bali kwa kubadilishana. Ngazi ile wazee wetu waliijua vizuri kuliko sisi tunavyojua hesabu za benki.

Sasa kondoo. Hakuna kondoo wa pori katika Afrika ambaye angeweza kufugwa akawa huyu wetu. Wataalamu wanakubaliana kwamba kondoo walianza kufugwa huko Asia ya Magharibi, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, wakaingia Afrika kupitia kaskazini, na baadaye wale wenye mkia wa mafuta wakashuka kutoka upande wa Pembe ya Afrika mpaka kwenye maziwa yetu makubwa. Ndiyo maana kondoo wa milimani kwetu anafanana na wa Rwanda na Burundi, mkia mrefu na mnene, na hafanani sana na yule mfupi, mwenye mkia mwembamba, anayepatikana katika nchi za msitu upande wa magharibi. Wote wawili hawana sufu. Wana manyoya mafupi kama mbuzi. Mwanafunzi anayesoma katika vitabu vya Ulaya kwamba kondoo hukatwa sufu kila mwaka anashangaa, akienda kumtazama wa baba yake haoni cha kukata.

Jina lake nalo lina mafundisho. Kwa Kiswahili tunasema mbuzi kwa yule mwenye ndevu. Kwa Mashi yule anaitwa mpene, na kondoo ndiye anayeitwa cibuzi. Wanafunzi Washi wa kalasi za chini wanachanganya kila mwaka, na walimu wasio wa huku wanafikiri watoto hawajui wanyama. Lakini mzizi ni mmoja: buzi ya Mashi na buzi ya Kiswahili ni ndugu, na mpene wa Mashi ni ndugu ya ihene ya Kinyarwanda. Tunaona kwamba Wabantu walijua mbuzi kwanza, na kondoo alipowafikia baadaye, kila kabila lilitafuta jina lake: wengine wakamwita ntama, wengine wakachukua jina la mbuzi wakalivalisha upya.

Kwa nini tumesema ni mnyama asiye na sifa? Kwa sababu huko Rwanda watu wengi wa zamani hawakula nyama ya kondoo hata kidogo, waliwaachia Watwa. Hata upande wetu wapo waliomkataa. Bibi yetu, aliyezaa baba yetu, hakuweka nyama ile mdomoni maisha yake yote, na hakuweza kutueleza sababu. Alisema tu: «Ile haikuliwaka.» Lakini bibi yule yule hakukubali mji ukose kondoo. Alikuwa na majike mawili au matatu kila wakati. Tulipokuwa watoto tulimwuliza, juu ya nini kufuga kitu ambacho hauli? Akatucheka.

Baadaye tulielewa kidogo kidogo. Kondoo alichungwa pamoja na ng'ombe, na iliaminiwa kwamba upole wake unatuliza kundi lote. Ngozi yake ni laini kupita ya mbuzi. Huko Rwanda ilikuwa ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni, ile ingobyi, na mama aliyejifungua alihitaji kondoo zaidi ya kitu chochote cha dukani. Tena kondoo anakula majani ya chini, hapandi kwenye ua kutafuna miche ya migomba kama mbuzi. Mwenye mbuzi anagombana na jirani zake karibu kila juma. Mwenye kondoo anaweza kumaliza mwaka bila kuitwa mbele ya mzee wa kijiji. Anabeba mimba miezi mitano, anazaa mmoja, mara chache mapacha. Si utajiri wa haraka. Na asiyeliwa ovyo ndiye anayebaki: mbuzi alichinjwa kwa mgeni yeyote, kondoo alibaki akizaa.

Tuongeze jambo moja la historia. Karibu mwaka wa 1891 ugonjwa wa sotoka uliingia katika nchi za maziwa makubwa na kumaliza ng'ombe kwa makundi. Ule ugonjwa unaua ng'ombe hasa. Mbuzi na kondoo haukuwagusa kwa ukali uleule. Mwenye ng'ombe peke yake aliamka maskini. Mwenye kondoo alikuwa bado na ngazi ya kuanzia tena.

Tufike sasa kwenye butega, maana mji haukuishi kwa wanyama na shamba tu. Butega zilikuwa bangili za nyuzi za mmea wa msitu, zilizosukwa kwa mkono, nyembamba na ngumu. Wanawake walizivaa miguuni, si moja wala mbili, bali nyingi sana, juu ya nyingine, mpaka mguu ukaonekana kama umevalishwa. Waliozisuka walikuwa hasa Batembo, upande wa magharibi wa milima, kule ambako msitu ulitoa nyuzi zenyewe. Na waliozipenda walikuwa mbali kabisa, Ijwi na Rwanda, ambako mmea ule haukupatikana.

Basi hapo kukazaliwa biashara. Mwanahistoria mmoja Mmarekani, David Newbury, aliyefanya uchunguzi wa muda mrefu katika kisiwa cha Ijwi, ameieleza katika makala yake ya mwaka wa 1980 juu ya biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya 19. Butega zilishuka kutoka msituni mpaka ufukoni, Bahavu wakazichukua kwa mitumbwi mpaka Ijwi na ng'ambo ya ziwa, na huko zikabadilishwa na vyakula na wanyama, ambao walirudi kwa njia ile ile. Zilihesabika, zilibebeka, hazikuoza. Kwa hiyo zikawa kama feza. Mtu aliweza kuzipokea hata kama hakuwa na haja ya kuzivalisha mke wake, kwa kuwa alijua kesho mwingine atazipokea. Hayo ndiyo maana ya feza, na tunasikitika kwamba tuliwafundisha watoto miaka mingi kwamba feza ilikuja na Wabelgiji.

Jambo linalotugusa zaidi katika uchunguzi ule ni hili: biashara ile haikuwa ya bami. Haikuendeshwa na ikulu wala na askari. Ilikuwa ya watu wadogo, mtu na ndugu yake, mtu na rafiki yake wa ng'ambo aliyemlaza kwake. Ilikuwa wakati wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda, aliyeleta vita Ijwi na Bushi mara kwa mara mpaka alipokufa mwaka wa 1895 akiwa katika safari ya vita. Vitabu vinatuambia vita vya Rwabugiri. Lakini katika miaka ile ile kulikuwa na mtu katika mji wake, jioni, mvua inanyesha, kondoo wameingia, anasuka. Yule hatumwoni katika vitabu.

Mtu mwingine atasema: lakini Batembo si wafugaji wa kondoo kama watu wa milimani. Ni kweli, hatutaki kuchanganya mambo. Msukaji wa butega alikuwa msituni, na kundi lilikuwa zaidi juu, kwenye majani. Ni biashara yenyewe iliyowaunganisha. Tena kila upande ulikuwa na ufundi wake wa jioni: mianzi ya Kahuzi ilisukwa vitunga vikubwa vya kubebea na vya kuwekea maharagi, mafunjo ya mabonde yakawa mikeka, na Batwa walifinyanga vyungu ambavyo kila nyumba ilihitaji. Ufundi wa Batwa uliumizwa mara mbili: kwanza na sufuria za aluminiamu, halafu walipoondolewa katika msitu ulipogeuzwa kuwa Parke ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka wa 1970 na kupanuliwa mwaka wa 1975. Hayo yanahitaji makala yake peke yake.

Butega zilikufa namna gani? Hazikukatazwa. Zilikufa kwa njaa. Dekreti ya mwaka wa 1910 ilileta kodi ya kichwa, na kodi haikulipwa kwa butega, ililipwa kwa franga. Mtu akalazimika kutafuta franga, na franga zilikuwa kwa Mzungu. Nguo za pamba zikaingia, mguu ukafunikwa, pambo likapoteza mahali pake. Mpaka ukakatwa kati ya Kongo ya Wabelgiji na Rwanda, Ijwi ikabaki upande wetu, na njia ya mitumbwi iliyokuwa ya ndugu ikawa njia ya kupita mpaka. Mwaka wa 1928 ikaanzishwa Komite ya Taifa ya Kivu, CNKi, iliyopewa mamlaka ya kugawa udongo kwa Wazungu. Mashamba ya kahawa, ya chai na ya kinini yakashika sehemu nzuri, pamoja na mahali ambapo kondoo na ng'ombe walikula wakati wa kiangazi. Mwanaume aliyekuwa akisuka jioni sasa alirudi amechoka kutoka kwenye shamba la mwingine. Hatusemi hayo kwa kulia tu. Tunaonyesha kwamba mji ule wa kazi tatu, shamba, mifugo na mikono, uliachishwa moja moja, na ndipo wale wale waliouachisha wakaandika katika vitabu kwamba watu hawa wanalima ya kula tu.

Mwaka wa 1994 wakimbizi waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu. Mwaka wa 1996 vita vikaanza, vikarudi mwaka wa 1998. Wanyama waliisha. Wenye silaha, wa kila upande, walikula walichokuta, na ng'ombe wa Bushi na Buhavu walipungua namna ambayo mzee aliyeondoka mwaka wa 1990 akirudi hatambui mlima. Sisi tulikuwa wa umri wa kidato wakati ule. Usiku wa kukimbia, baba aliacha mbuzi kwa sababu mbuzi anapiga kelele. Kondoo alichukua wawili pamoja, si mmoja, akisema mmoja peke yake atalia kumtafuta mwenzake, wawili watanyamaza. Walinyamaza kweli. Tulitembea nao mpaka asubuhi. Hatukufika nao mwisho wa safari, maana ilibidi kuwatoa mmoja mmoja kwa chakula na kwa mahali pa kulala, lakini watoto wote saba wa nyumba ile walifika. Mwaka wa 2012 tena ukaja ugonjwa wa mbuzi na kondoo ambao Wafaransa wanauita tauni ya wanyama wadogo, ukafagia sehemu za nchi, na familia nyingi zilizokuwa zimeanza upya zikarudi kwa kuku na kobayi.

Tumefika nyumbani kwetu, kama tulivyoahidi. Sisi ni walimu wenye diplome ya ISP, na kwa muda mrefu tuliona haya. Mke wetu anasuka vitunga vya nyuzi za mgomba na mianzi, vidogo, vyenye rangi, alivyojifunza kwa mama yake. Tulimwomba asisuke mbele ya wageni. Kuhusu kondoo, wenzetu wa kazi walituita «mwalimu mchungaji», nasi tukafikiria kuwauza wote tununue televizyo. Yeye akakataa. Neno lake lilikuwa fupi: «Muuze mwanakondoo, mama yake hapana.»

Mwaka wa 2025, mwezi wa pili, vita vilipofika Bukavu, benki zilifungwa, na mshahara ukawa hadisi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anajitayarisha kwa Exetat. Wageni waliokuwa wananunua vitunga kwa dola walikuwa wameondoka. Tulisema wazi: safari hii mama kondoo anauzwa. Tuligombana siku tatu, si jambo la kuficha. Siku ya nne mke wetu alichukua vitunga vyote vilivyokuwa chini ya kitanda, akashuka navyo kwenye soko la kando ya ziwa, na hakutafuta mnunuzi mwenye franga, maana hakuwepo. Alibadilisha. Kitunga kwa maharagi, kitunga kwa samaki wa kukauka, samaki kwa mafuta ya mawese, na mafuta akayarudisha juu, kule ambako hayapatikani, na huko ndipo akapata franga. Mwanakondoo dume alijazia. Mtoto akafanya mtihani.

Tulipomhesabia njia aliyopita, kutoka mlimani mpaka ufukoni na kurudi, tuliona ni karibu ile ile ya makala ya mwaka wa 1980. Yeye makala ile hakuisoma. Aliuliza tu kama sasa anaweza kusukia barazani.

Somo la kalasi tumelibadilisha. Hatuandikishi tena maneno yale ya kujilisha tu. Tunawatuma wanafunzi waulize nyumbani kwao, kila mmoja alete jina la kazi moja ya mikono na mahali ilipouzwa. Wameleta mikeka, majembe, vyungu, magome ya miti ya kuvaa, na mmoja akaleta mkono mtupu akisema nyumbani kwao hakuna mzee tena. Msichana yule wa Bunyakiri alileta habari ya fundo: bibi yake alikumbuka namna ya kuanza butega, vidole vitatu na ncha ya uzi mdomoni, lakini namna ya kufunga mwisho ilikuwa imempotea. Tumejaribu naye kwa nyuzi za mgomba, inafunguka.

Kama kuna msomaji wa kijitabu hiki, wa Kalehe, wa Ijwi au wa popote, ambaye katika sanduku la bibi yake mmebaki butega hata moja, hata iliyokatika, tunamwomba asiitupe. Ailete kwa chama chetu tuone ule mwisho ulifungwa namna gani.